Mlango wa Bambakofi: Namna ya Kuchagua, Kukausha na Kufanyia Kazi Mbao Ngumu Lamu

Ukipita vichochoro vya Mkomani, mjini Lamu, baada ya mvua kubwa ya masika, tazama mahali ambapo miimo ya milango, yaani nguzo zake za pembeni, hukanyaga kizingiti cha chini. Hapo ndipo maji ya paa hudondokea, ndipo punda wenye mizigo hugonga wakipishana, na ndipo mchwa huanzia kazi yao wanapotoka ukutani. Mwimo wa saiprasi, hata ukiwa umepakwa rangi mara tatu, huanza kuoza hapo kimyakimya. Ukiubonyeza kwa ncha ya kisu, kisu huzama kama kilichochomwa kwenye boga lililopikwa. Mwimo wa bambakofi uliopasuliwa kutoka kwenye moyo wa mti huweza kupauka na kufanya nyufa nyembamba za juujuu, lakini kisu hakiingii.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi seremala aliyezoea mbao laini na sasa amepewa kazi ya mlango wa nje wa bambakofi, na pia kwa mwenye nyumba anayetaka kumsimamia fundi wake kwa ujuzi badala ya kelele. Nimeuchukua mlango kuwa mfano kwa sababu ndani yake mna karibu kazi zote za useremala: kuchana, kuranda, kutoboa tundu na kuchonga ulimi, kupigilia, kutia nakshi na kutundika. Maoni yangu, baada ya miaka ya kuharibu na kutengeneza, ni kwamba bambakofi nyingi zinazotuharibikia mikononi huwa zimekwisha kuharibika kabla randa haijazigusa, ama kwa sababu moyo na weupe havikutenganishwa wakati wa kununua, ama kwa sababu mbao hazikupewa muda wa kukauka. Kwa hiyo hatua hizo mbili zitapewa nafasi kubwa zaidi, na nyingine nitazipitia kwa kadiri zinavyostahili.

Kuijua mbao yenyewe

Bambakofi hutokana na mti wa mbambakofi, ambao wataalamu wa mimea huuita Afzelia quanzensis na ambao wengi katika ndugu zetu wa Tanzania huuita mkongo. Huota kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, na kwa upande wa Malindi unapatikana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 420, ambako kwa miaka mingi ulikatwa sana kwa sababu ya uzuri wa mbao zake. Mtu asiyeujua mti huu kwa majani ataujua kwa mbegu: ganda lake nene na gumu likipasuka hutoa mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu, na watu huzitoboa na kuzitunga kama shanga.

Moyo wa mti una rangi ya hudhurungi, nao huzidi kuwa mwekundu na wa kukolea kadiri unavyokaa kwenye mwanga. Nje ya moyo kuna sehemu ya rangi ya majani makavu, tutakayoiita weupe, na mpaka kati ya sehemu hizi mbili huonekana wazi kama mstari uliochorwa. Sifa zote ambazo watu huzisimulia kuhusu bambakofi, yaani kustahimili mchwa, kutooza upesi na kudumu hata ikigusana na ardhi, ni sifa za moyo peke yake. Weupe huliwa na bungua kama mbao nyingine yoyote dhaifu.

Mbao iliyokauka ina uzito wa takriban kilo 800 kwa mita moja ya ujazo. Kwa lugha ya karakana, ubao wa inchi kumi na mbili kwa moja wenye urefu wa futi 6 utakuwa na uzito wa kilo 11 hivi, wakati ubao wa saiprasi wa kipimo hichohicho hauzidi kilo 7. Uzito huo huambatana na sifa nyingine ambayo ndiyo iliyoipa bambakofi heshima kwenye milango na madirisha: ikikauka mara moja, hucheza kidogo sana, yaani haivimbi wala kunywea kama mbao nyingi nzito zinavyofanya. Kwa upande mwingine nyuzi zake mara nyingi hupishana, safu moja ikilalia huku na nyingine kule, jambo ambalo huleta mng'ao mzuri na pia humchosha mwenye randa.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji. Ndani ya vitundu vya mbao hii kuna unga wa manjano ambao ukilowa huyeyuka na kutia rangi. Niliwahi kumtengenezea mteja meza ya bambakofi nikaipaka mafuta haba, akatandika kitambaa cheupe na mtoto akamwaga maji usiku. Asubuhi kitambaa kilikuwa na mistari ya manjano iliyofuata nyuzi za ubao kama ramani, na sabuni haikuyatoa madoa yale. Tangu hapo sifanyi kabati la nguo wala ubao wa kukatia mboga kwa bambakofi.

Hatua ya kwanza: Amua panapostahili

Mbao hii ni ghali na imeadimika, na ni makosa kuitia mahali ambapo mbao nyingine ingetosha. Kwenye mlango, sehemu zinazoihitaji kweli ni kizingiti cha chini, miimo miwili, na mfaa, yaani ule mhimili wa katikati uliopigiliwa kwenye mlango dume na kufunika ufa unaobaki milango miwili inapokutana. Kizingiti cha juu nacho kifanywe cha bambakofi ikiwa ukuta ulio juu yake ni mzito. Mbao za kujaza zilizo chini ya baraza au zilizokingwa na paa zaweza kuwa za mfenesi au mwarubaini, na hakuna atakayekulaumu. Ama kuifanya bambakofi boriti za dari, huo ni ubadhirifu mtupu. Vigogo vya mkoko vimebeba dari za Lamu kwa karne nyingi, na ndivyo vilivyoamua hata upana wa vyumba vyetu vyembamba.

Wajenzi wa vyombo vya baharini huko Matondoni wana hesabu yao nyingine, kwa kuwa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, huhitaji gogo lililonyooka na mataruma, yaani mbavu zake, huhitaji matawi yaliyojikunja yenyewe, na kazi hiyo ina mafundi wake wanaostahili kuieleza.

Hatua ya pili: Nunua kwa macho na kwa karatasi

Kabla ya kugusa ubao, uliza karatasi. Mbao za msituni husafirishwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu Kenya, na anayeuza bila kibali anakuuzia pamoja na mbao kesi yake. Zaidi ya hayo, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliziingiza jamii zote za Afzelia za Afrika kwenye orodha yake ya pili katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022, na amri hiyo ikaanza kutumika Februari 2023. Maana yake kwa karakana ya Lamu ni kwamba mteja wa ng'ambo anayetaka kusafirisha magogo au mbao zilizopasuliwa anahitaji kibali, na ni vyema alijue hilo kabla hajalipa amana, si siku ambayo mzigo umezuiwa bandarini.

Chanzo kingine, ambacho mimi hukipendelea, ni mbao kuukuu zinazotoka kwenye nyumba zilizobomolewa kihalali na vyombo vilivyostaafu. Zimekwisha kukauka kwa miaka hamsini au zaidi na hazina tena fitina ndani yake. Zipitishe sumaku pande zote kabla ya kuzipeleka kwenye msumeno, kwa sababu msumari mmoja uliovunjikia ndani hung'oa meno yote. Usichanganye jambo hili na kununua milango ya kale yenye nakshi: hiyo ni turathi, mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 ipo kwa ajili ya watu wanaoing'oa na kuiuza.

Ukishafika kwenye mbao zenyewe, anza na kichwa cha ubao. Kisawazishe kwa kisu kikali mahali padogo penye upana wa kidole gumba, kisha kiloweshe kwa mate au maji. Utaona vitundu vinavyoonekana kwa macho, kila kimoja kimezungukwa na doa la rangi nyepesi lenye umbo la jicho, na baadhi yake vimejaa kitu cha njano au cheupe. Usipoyaona macho hayo, huna bambakofi mkononi, hata rangi ikiwa nyekundu namna gani. Kuna wauzaji wanaopaka mbao nyingine mafuta machafu ya injini ili zikolee.

Kisha geuza ubao na utafute weupe. Kwenye ubao wa inchi 8 si ajabu kukuta inchi moja na nusu ya weupe kwenye ukingo mmoja, na muuzaji atakuambia kwamba "hiyo itafunikwa na rangi." Mjibu kwa heshima kwamba unanunua inchi sita na nusu, na bei ihesabiwe hivyo. Mwisho, gonga ubao kwa vifundo vya vidole. Sauti kavu inayolia ni dalili njema. Sauti nzito ya kufa huashiria ubao mbichi au wenye ufa ndani. Angalia pia kama kuna vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini kama wa ngano, kwa kuwa bungua akiwamo kwenye weupe atakufuata hadi karakanani na kuhamia kwenye mbao nyingine.

Mbao zitokazo bara huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, na baadhi huwasili zimerushiwa maji ya chumvi. Zioshe kwa maji matamu siku hiyohiyo. Chumvi iliyobaki juu ya ubao huvuta unyevu wa hewa usiku kucha, nawe utashangaa kwa nini rangi haishiki.

Hatua ya tatu: Kausha bila haraka

Bambakofi hukauka polepole, lakini ikikaushwa kwa utaratibu haijikunji wala haipasuki sana. Adui wake ni jua la moja kwa moja, ambalo hukausha ngozi ya ubao wakati tumbo lake bado lina maji, na ubao unaokaushwa namna hiyo hupasuka kichwani nyufa zenye urefu wa shubiri.

Tafuta mahali penye kivuli, chini ya makuti, ambapo upepo unapita. Panga matofali ya matumbawe hadi kimo cha futi moja na nusu kutoka ardhini, na juu yake laza boriti zilizonyooka, kwa maana mbao zitachukua umbo la kitanda chake. Tandaza safu ya kwanza ya mbao, kisha weka vijiti vikavu vyenye unene wa inchi 1 kukatisha, kila baada ya futi mbili, halafu safu ya pili, na kuendelea. Sharti kila kijiti kikae juu kabisa ya kijiti cha chini yake, wima kama kwa timazi. Kijiti kikihama nusu futi tu, ubao huanza kulegea katikati na kukauka ukiwa na mgongo. Vichwa vyote vya mbao vipake rangi nzito ya mafuta, hata ile iliyobaki kwenye mikebe, ili maji yasikimbilie kutokea huko. Juu kabisa weka mawe mazito.

Kisha subiri. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ndio rafiki wa mbao, na wakati wa masika hakuna kinachokauka. Mimi huziacha mbao za inchi 1 kwa kaskazi moja nzima, na za inchi 2 kwa mwaka mmoja kamili. Lakini usiniamini mimi wala kalenda, amini mizani. Chagua ubao mmoja mdogo wa katikati ya rundo, uandike namba, na uupime uzito kila Ijumaa. Ukiona wiki tatu zimepita na uzito haujabadilika, mbao zimepatana na hewa ya mahali hapo.

Anayetaka kujua kwa hesabu afanye hivi. Kata kipande cha sentimita 2 kutoka ndani ya ubao, si kichwani, ukipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, kisha ukitie kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 na ukiache humo, ukikipima kila baada ya saa chache, mpaka uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu kutoka kwa uzito wa kwanza, ugawe kwa uzito mkavu, uzidishe kwa 100. Kipande kilichokuwa na gramu 58 kikabaki na gramu 50 kilikuwa na maji asilimia 16. Kwa mlango wa nje hapa pwani, asilimia 13 hadi 16 inatosha. Kwa samani za chumba chenye kiyoyozi itabidi ushuke zaidi, la sivyo utaitwa tena.

Hatua ya nne: Noa kabla ya kuanza, na kabla ya kuchoka

Makali yanayotosha kwa saiprasi hayatoshi hapa. Patasi na chuma cha randa vilivyonolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hupukutika makali kwenye bambakofi. Vinoe kwa nyuzi 30 au zaidi kidogo, na uvipitishe kwenye kinoo laini hadi viweze kunyoa nywele za mkono. Fundi aliyenifundisha alikuwa akituzuia kuanza kazi mpaka achukue patasi ya kila mmoja na kuijaribu kwenye kucha ya kidole gumba: ikiteleza, alikurudishia bila neno. Weka kinoo mezani, si ndani ya sanduku, kwa kuwa utakihitaji kila baada ya nusu saa.

Wakati wa kuchana kwa msumeno wa umeme, sukuma taratibu; ukiona moshi au ukasikia harufu ya kuungua, usiendelee kusukuma, meno yamekwisha. Vaa barakoa na miwani muda wote. Vumbi la mbao hii huwasha macho, pua na koo, na kuna mafundi ambao ngozi zao hufanya vipele, hasa jasho linapochanganyika na vumbi.

Hatua ya tano: Randa kwa kusoma nyuzi

Pitisha kiganja juu ya ubao katika pande mbili. Upande ambao ni laini zaidi ndio wa kurandia. Kwa kuwa nyuzi hupishana, utafika mahali ambapo randa inang'oa badala ya kukata, na pataachwa mashimo madogo kama ndui. Hapo toa chuma cha randa nje kwa kiasi kidogo mno, kiasi cha unene wa karatasi, na uirande kwa mshazari. Ikiwa bado inang'oa, iache randa na uchukue bamba la chuma chembamba lenye ukingo mkali, kwa mfano kipande cha msumeno uliovunjika, ulivute kwa mikono miwili ukiwa umelilaza kidogo. Wapo wanaotumia kioo kilichovunjika, na hufanya kazi nzuri, ingawa nimeshona vidole vyangu mara mbili kwa ajili hiyo na sasa situmii. Msasa uje mwisho, kufuata nyuzi tu. Kwa wasiojua, neno hilo lilianzia kwenye mti wa msasa, ambao majani yake makavu yenye miiba midogo ndiyo yaliyolainisha samani za babu zetu kabla ya karatasi ya dukani.

Hatua ya sita: Viungo, misumari na gundi

Miimo na vizingiti viunganishwe kwa tundu na ulimi. Ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mbao, nao uingie kwenye tundu kwa kusukumwa na kiganja na kugongwa mara mbili tatu kwa nyundo ya mti. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu, umekaza mno. Mbao laini husinyaa na kukubali, bambakofi hupasua mwimo. Tundu litobolewe kwanza kwa drili au keekee ili kuondoa sehemu kubwa, na juba, yaani patasi nene ya kuchimbia matundu, limalizie kuta. Kisha toboa ubavuni na upigilie msumari wa mti wa bambakofi iliyo kavu kabisa. Kiungo cha namna hiyo hakihitaji gundi, nacho huweza kufunguliwa na mjukuu wako siku ya matengenezo.

Usipigilie msumari wowote bila kutoboa. Kwa msumari wa milimita 4, toboa tundu la milimita 3 au 3 na nusu. Tumia skurubu na misumari ya shaba, au angalau iliyopakwa zinki, kwa kuwa hewa yetu ya bahari hula chuma kitupu na kutu yake huacha machozi meusi chini ya kila kichwa. Skurubu za shaba nazo ni laini na hukatika shingo ndani ya mbao hii. Dawa yake ni rahisi: toboa, kisha ingiza kwanza skurubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ichonge njia, itoe, ipake ile ya shaba nta ya mshumaa, na uiingize kwa mkono, si kwa mashine.

Gundi nayo ina masharti. Mbao hii ina mafuta na utomvu ulioganda ambao huizuia gundi kushika, kwa hiyo randa sehemu ya kuunganishwa siku hiyohiyo, ifute kwa spiriti au thina, iache ikauke, kisha utie gundi ya mikebe miwili inayochanganywa na kigumishi. Gundi nyeupe ya kawaida itashika leo na kuachia masika ijayo.

Mbao za kujaza zikipigiliwa kwenye mikanda ya nyuma, matundu ya skurubu kwenye mikanda yafanywe marefu kidogo badala ya mviringo, ili mbao ziweze kuvimba na kunywea bila kupasuka. Ni kazi ya dakika kumi, na wanaoiruka hurudishiwa mlango.

Hatua ya saba: Nakshi

Chora ruwaza kwa bikari na penseli kwenye karatasi kabla ya kuihamishia kwenye mfaa, kwa sababu penseli iliyokosewa kwenye bambakofi hufutika, lakini patasi iliyokosewa haifutiki. Chonga kwa kina kifupi, robo ya inchi inatosha, na kingo za majani na mawaridi ziwe na mteremko badala ya kusimama wima, maana ncha nyembamba za mbao hii hukatika vipande zinapogongwa. Anza kwa kukata mipaka kuzunguka ua lote, ndipo utoe nyama ya katikati. Mwenye kuanza kujifunza nakshi asianzie hapa. Achukue kipande cha mwembe kwanza.

Hatua ya nane: Mafuta

Watu wengi hupaka mafuta ya nazi kwa sababu yapo nyumbani na yananukia. Mafuta hayo hayagandi kamwe. Hubaki yakinata, hukusanya vumbi, na wakati wa masika huota ukungu. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hukauka na kuwa ngozi nyembamba ndani ya mbao. Yachanganye nusu kwa nusu na tapentaini kwa mkono wa kwanza ili yazame, ngoja dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, na urudie kesho na keshokutwa. Vanishi inayong'aa sipendi kwenye mlango unaopigwa na jua la mchana: jua huila, inachanika kama ngozi ya nyoka, na kuikwangua kwenye nakshi ni adhabu.

Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi joto hilo mpaka kishike moto chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze juani kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Katika mji wa makuti na vichochoro vyembamba, jambo hili si la kufanyiwa mzaha.

Hatua ya tisa: Kutundika

Milango yetu ya asili haina bawaba. Kila mlango una kichwa cha mviringo juu na chini, na vichwa hivyo huzunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Bambakofi inafaa sana kwa mtindo huo kwa kuwa hailiki upesi inaposuguana. Tundu la chini litobolewe mfereji mdogo wa kutokea maji kuelekea nje, na lipakwe nta au shahamu. Ukitumia bawaba, weka tatu badala ya mbili kwa kila mlango, kwa sababu ya uzito.

Swali la nafasi ndilo lililonitia aibu. Mwaka mmoja nilitundika mlango mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, nikaukaza hadi hata wembe haukupita katikati, na nikajiona bingwa. Mwezi wa Mei mama mwenye nyumba alinijia karakanani akaniambia, "Fundi, mlango wako umekataa kufungwa, na usiku wa tatu huu nalala nimeufunga kwa kamba." Nilikuwa nimesahau kwamba hata mbao isiyocheza sana hucheza kidogo. Kwa milango miwili yenye upana wa sentimita 40 kila mmoja, acha jumla ya milimita 4 ukitundika wakati wa kaskazi, na milimita 2 ukitundika wakati wa masika, ambapo mbao zimekwisha kuvimba. Mfaa utaufunika ufa huo, na ndiyo kazi yake.

Mwambie mwenye nyumba kwamba utarudi baada ya masika ya kwanza, na urudi kweli, ukiwa na randa ndogo na kipande cha chaki. Paka chaki ukingoni mwa mlango dume, ufunge na kuufungua mara moja. Mahali chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Randa hapo tu, upitishaji mmoja au miwili, upake mafuta kwenye jeraha jipya siku hiyohiyo, na ukague kizingiti cha chini kwa ncha ya kisu kabla hujakunja vyombo vyako.